Mifuko Arobaini ya Uzi wa Kijani

Mamba, Moshi,
Jumapili, 10 Agosti 2025.

Mpendwa mdogo wangu Praygod,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani mlimani. Natumaini u mzima na jua la Mtwara halijakumaliza. Kifua kinaendeleaje? Unakula, au bado unaishi kwa chai na maandazi? Sisi hatujambo. Baridi ya mwaka huu imekaza kweli, ukungu hauondoki mpaka saa tano, na kahawa imechelewa kuiva. Ng'ombe amezaa, dume tena.

Barua hii anakuletea Davis, dereva wa lori la kiwandani kwetu. Nimekupigia simu siku nne hupatikani, na najua hapo kwenye kisima cha gesi simu mnaziacha getini. Ofisi yenu ya Dar nimewaandikia mara mbili, wakajibu kwamba ujumbe wangu umepokelewa. Basi, ndiyo hivyo tu. Kwa hiyo isome yote hapo hapo ulipo, kabla hujafungua mfuko wowote.

Mifuko ile arobaini iliyoshonwa kwa uzi wa kijani, usiitumie.

Wewe kazi yangu ya kiwandani Shirimatunda ulizoea kuiita kuchezea udongo, kwa hiyo sidhani kama uliwahi kunisikiliza. Saruji huokwa kwenye tanuri, na moshi wa tanuri hizo unachafua hewa kupita kiasi. Majivu ya volkano ya mlima huu yalishaokwa na mlima wenyewe. Tunayasaga, tunayachanganya na saruji karibu nusu kwa nusu, halafu nyinyi mnazibia visima vya gesi vilivyokwisha kazi. Mimi ndiye ninayepima. Najaza mchanganyiko kwenye kipande cha bomba, nauacha kwenye maji ya moto siku kadhaa, kisha nasukuma hewa kutoka chini na kumimina maji ya sabuni juu. Pasipotoka povu, mzigo unaondoka.

Mzigo wenu uliondoka kabla ya majibu. Mlikuwa mnaharakisha, na mimi nikasaini. Nilisema udongo huu naujua, ni wa kwetu.

Ni kweli ni wa kwetu, Praygod. Mwezi wa sita bosi wetu, Alnoor, alikuwa anatafuta mahali papya pa kuchimba, nikamwonyesha mwisho wa kihamba chetu, shamba hili la ukoo, pale chini ya migomba penye mimea mingi ya masale. Wachimbaji waliniuliza kama wayang'oe. Nikawaambia hayo ni masale ya mpaka tu, ng'oeni. Baba mdogo Wilson alikuwa Holili kwenye biashara zake, na sikuona haja ya kumuuliza. Mmoja wao akaniletea kigae, akasema ni cha chungu kilichokuwa kimefunikwa, na chini yake kuna kitu. Nikamwambia hicho ni chungu cha zamani cha pombe ya mbege, tupa. Sikwenda hata kuangalia. Vyote vikapakiwa, vyote vikasagwa.

Bomba la kwanza nililipima Jumatatu iliyopita mchana, watu wote wapo. Hewa ilipita. Hilo hutokea, lakini huwa inatoka na povu dogo la hapa na pale. Hii ilitoka kwa mluzi. Mluzi mrefu, unakatika, kisha mfupi mara mbili. Nikafunga hewa, nikafungua, ukaja vile vile. Nilitengeneza mabomba mengine mawili kwa mikono yangu, siku tofauti. Yakapiga mluzi ule ule. Nikayapasua yote matatu, na njia ya hewa ilikuwa mahali pamoja, nyembamba, imenyooka.

Shivani, mkuu wetu wa maabara, anasema ni samadi. Udongo wa kihambani umejaa mbolea na mizizi ya migomba iliyooza, na vitu hivyo haviiachi saruji ishike. Nakubaliana naye, ndicho tulichofundishwa. Alnoor amesimamisha kinu tangu siku hiyo na hataki mluzi ule urudiwe akiwapo.

Niliurekodi kwenye simu ili nimtumie injinia wenu. Nikiwa jikoni hapa nyumbani, saa kumi alasiri, nikaufungua nisikilize tena. Bibi Anaeli alikuwa amekaa karibu na moto. Unajua hajasimama bila kushikwa mkono tangu Pasaka. Alisimama. Akachukua kibuyu, akatoka mwenyewe mpaka zizini, nami namfuata nyuma.

"Baba mkwe anataka maziwa," akasema. Kisha akanigeukia: "Nani amemtoa?"

Baba mdogo aliporudi kutoka Holili nikamweleza yote, ndipo akaniambia ukweli. Yale hayakuwa masale ya mpaka. Babu Ndesario, baba yake babu, alizikwa kihambani, na baada ya miaka wazee wakakitoa kichwa chake wakakiweka chini ya chungu penye masale, kama ilivyokuwa desturi. Babu yetu alikuwa mzee wa kanisa, akaona aibu kutuambia. Alimwambia mwanawe mmoja tu, Baba mdogo. Na huyo Ndesario, anasema Bibi, alikuwa akiita maziwa kwa mluzi kila siku saa kumi, na yeye Bibi, bibi harusi wakati huo, akichelewa anaurudia.

Unanijua, mimi si mtu wa kuogopa-ogopa, na kwaya ya asubuhi leo nimeimba kama kawaida. Lakini nimesaga kichwa cha babu yetu, mdogo wangu, nikakutumia wewe kwenye mifuko.

Isiposhika, gesi itapanda nyuma ya bomba na wewe ndiye utakayekuwa umesimama juu yake. Hilo linaninyima usingizi. Halafu nawaza, je, ikishika? Atakuwa kilomita mbili chini ya ardhi, mbali na watu wake, amezibiwa humo kwa mkono wa kitukuu wake, na hakuna atakayemtoa tena. Sijui ninaogopa lipi zaidi.

Tumechimba kaburi pale pale, la kuizika mifuko. Mchungaji amekubali kuja, na hakuuliza mengi. Baba mdogo ameshapanda masale mapya. Alnoor amempa Davis barua ya kuirudisha mifuko yote, naye ameambiwa asipakie kitu kingine juu yake. Ihesabu mwenyewe. Kama kuna uliofunguliwa, fagia hata vumbi lake. Kisha omba ruhusa upande lori, uje nayo wewe. Kesho Jumatatu nitaandika kwenye ripoti kwamba mimi ndiye niliyeonyesha mahali na kusaini, wakinifukuza wanifukuze.

Baba mdogo Wilson anakusalimu sana, na dada Gladness na wanawe. Mama Priska wa jirani anauliza utaoa lini, nikamwambia akuulize mwenyewe. Mungu akulinde hapo ulipo, akuongoze njia nzima mpaka mlangoni kwetu.

Bibi naye anakusalimu. Ameweka sahani na kibuyu cha maziwa mezani tangu jana, na anasema mje wote wawili.

Ni mimi dada yako akupendaye daima,
Tabitha