Nilishuka Majanini Kumkwepa Dada Yangu

Mshauri wetu mpendwa,

Salamu katika Bwana. Nakuandikia kuomba msaada wako, na mkono wangu ni mzito, maana nilijifunza kusoma nikiwa tayari na watoto wawili, basi nivumilie, lakini nimekaa na neno hili tangu mwaka jana na naona litanizeesha nisipolitoa.

Ninaye mwenzangu, Tusekile, mfinyanzi wa vyungu, mtu wa ziwani aliyeolewa huku kwetu Makwale. Tulisoma darasa la ubatizo pamoja tukabatizwa siku moja, na kanisani tuliketi bega kwa bega miaka kumi na minne, mimi sauti ya juu, yeye ya chini, na hata sasa nikiimba nikafika mahali pake nasita kidogo kumngoja, halafu wimbo unaniacha. Mwaka jana alijifungua mapacha, Lutengano na Anyosisye. Wewe ni mtu wa huku, unajua wazee wetu wanavyoogopa mapacha, kwamba wazazi wasipotakaswa kwa dawa ndugu watavimba miguu na ng'ombe watatoa mimba, na sisi Wakristo tumefundishwa kuwa hayo ni hofu tupu, na mimi mwenyewe nimewafundisha hivyo wanawake wa darasa. Basi watoto walipokuwa na miezi miwili ukoo wa mumewe ukaleta mganga, wakapakwa dawa wote wanne, habari ikafika kwa wazee wa kanisa, na mume na mke wakatengwa na Meza ya Bwana miezi sita. Miezi ilikwisha Krismasi. Mume amerudi. Tusekile hajarudi, watoto hawajabatizwa, na ubatizo ni Pentekoste.

Mume wangu Hezroni, ambaye ni mzee wa kanisa, alikwenda kumwonya, akarudi mikono mitupu. Nami nimekwenda mara tatu na Kitabu, nikamsomea habari za kondoo aliyepotea, na yeye ananipokea uani, ananitandikia mkeka, ananisikiliza huku akilainisha chungu chake, na mwisho ananiambia, "Ndaga, asante, mama Asajile, umesoma vizuri," kama anavyoshukuriwa mgeni. Mara ya tatu nilimuuliza, dada, wewe uliyekuwa ukizicheka dawa, ilikuwaje ukawakubali wale watu? Hakuinua macho. Akasema, "Walioingia nyumbani mwangu walikuwa wao tu. Waliketi. Walikula. Walimpakata huyu, wakampakata na huyu."

Sasa nikuambie ambalo hata Hezroni halijui. Kwetu mwanamke akijifungua, rafiki zake huingia ndani, humpikia na kula naye. Mimi nilimpikia, ndizi na maharage, kila siku, lakini nilikuwa nakiweka chakula penye mgomba wa mwisho wa ua wake, napiga hodi, naondoka, nikijiambia nina haraka. Ng'ombe wetu alikuwa na mimba. Na siku moja nilikutana naye njia ya mtoni, mtoto mmoja mgongoni mwingine kifuani, na miguu yangu ikashuka majanini yenyewe, nikasimama huko nimeshika nguo juu ya magoti nikisema nampisha. Alicheka. Akasema, "Rudi njiani, mama Asajile, upupu huo utakuwasha. Sisi tutapita upesi." Wakapita upesi. Wiki iliyofuata ndipo mganga alipokuja.

Chungu alichonifinyangia siku ya ubatizo wetu bado napikia, na kila nikikiinjika naona alama ya kidole chake chini ya mdomo. Natamani arudi, mshauri, natamani kuliko ninavyoweza kuandika. Nifundishe maneno ya upole ya kumrudisha, na kama yapo, yasiyonilazimu kuyataja yale majani.

Naomi, mama Asajile
Makwale, Februari 1912

MSHAURI ANAJIBU

Mama Asajile, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliiweka chini nikatoka nje kidogo, kwa sababu mimi nami nina majani yangu.

Lakini unaniomba maneno, na maneno unayo mengi mno. Umempelekea kondoo aliyepotea, na yeye anajua ni nani aliyeondoka njiani. Unadhani unamficha nini? Alikuona. Alikuonya hata upupu. Mwenye kuhitaji kurudishwa kwa upole hapo njiani alikuwa wewe, na yeye alikufanyia upole huo akiwa na watoto wawili mwilini na bila mtu wa kumsaidia.

Dawa alizopakwa ni kosa, sisemi vingine. Ila yeye alitengwa miezi sita kwa hofu iliyoonekana, na wewe mwenye hofu ile ile ulikwenda Mezani kila mara. Hilo utalisema kwanza kwa Hezroni, kisha mbele ya wazee, kwa kinywa chako, kabla ya mwezi huu kuisha. Atakasirika. Mwache akasirike. Na kama ng'ombe wenu siku moja atatoa mimba, basi atakuwa ametoa mimba, kama ng'ombe wengine.

Halafu nenda kwa Tusekile mchana, watu wakiona. Kitabu kiache nyumbani. Mkeka wa uani usiukalie, omba kuingia. Sema "niliogopa." Usiseme "tuliogopa," usijifiche nyuma ya wenzako. Omba kumpakata huyu, kisha na huyu, na akikupa chakula ule umalize. Akinyamaza, nawe nyamaza. Akikufukuza, nenda, kesho urudi. Habari za Pentekoste usizitaje mpaka azitaje mwenyewe, na ikipita bila yeye kuja, uendelee kwenda. Mtu hapakatiwi watoto ili alipe kwa kuja kanisani.

Na siku atakapokubali, iwe Pentekoste hii au ya mwaka ujao, usimngoje kwenye benchi. Mfuate kwake, umfunge mmoja mgongoni mwako, yeye abebe mwingine, mpite katikati ya kijiji. Wapo watakaowapisha. Wasalimuni wote kwa majina, na atakayeshuka majanini mwambie aangalie upupu.

Mshauri wako