Vijiti vya Mtini kutoka Daudi

Mama, shikamoo.

Huku Mbulu baridi ni ya sweta mbili. Jana nilikuwa kijiji cha Daudi kwa Mama Paskalina, anayependa mitini kama wewe. Nilipoonja tini zake nikamwomba aniuzie vijiti vya kupanda. Akakataa kabisa.

"Mtini hatuuzi, tunapeana. Wangu uliwahi kukauka wote. Nikaenda kwa jirani niliyekuwa nimempa kijiti, naye akanikatia."

Nimemkubali yule mama! Amenifungia vijiti vitatu kwenye kipande cha gunia lililolowa. Kimoja chako, kimoja changu. Cha tatu ni cha Mama Zuhura hapo jirani, uliyemnyima kijiti mpaka mkaacha kusalimiana.

Hicho utampelekea mwenyewe, mama yangu mpenzi.

Mwanao anayekukumbuka,
Neema