Bi Mauza na waya wa klachi

Sofia, acha unachofanya. Natoka kwa Bi Mauza, bibi yangu wa Msimbazi. Kumbe aliwahi kuendesha pikipiki. Bibi huyu huyu.

Enzi za Ujamaa, mumewe Mbaruk alikatwa mkono na kioo dukani kwao Kariakoo. Damu haikatiki, gari hakuna. Bibi akamfunga kanga, akampakia kwenye pikipiki yao. Yeye siku zote alikaa nyuma, mbele hajawahi.

Katikati ya watu, waya wa klachi, ule wa kuachanisha injini na gia, ukakatika. Akisimama tu injini inazima, na nguvu za kuisukuma hana.

Basi hakusimama. Anapunguza mafuta, anaigusa gia kwa mguu, inaingia. Bila klachi, Sofia. Bila klachi.

Trafiki akanyoosha mkono. Bibi akamwambia, "Baba, nipishe, siwezi kusimama." Trafiki akaruka pembeni.

Kichwa cha Mbaruk kimemlalia mgongoni. Akaogopa kumwita, maana asipoitika je?

Alipoingia hospitali ndipo akaiacha izime. Mbaruk akafumbua macho.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe. Siku ile waya ulipokukatikia Mchikichini, nilikuwa nyuma naangalia mguu wako."