Kura Iliyokataliwa Kitangari

Jumatatu, 14 Oktoba. Masasi

Chai ya rangi, mihogo ya kuchemsha, kompyuta. Umeme umekatika, umerudi. Jedwali la mwanzo limekamilika na silielewi. Vijiji vilivyopangiwa dawa ya macho msimu huu vina watoto wagonjwa wengi mno. Vilivyopangiwa kusubiri mwakani, macho yao safi. Na tulivigawa kwa kura. Kura haimjui mgonjwa wala mzima.

Nimerudia hesabu. Hesabu ni nzima. Bahati inaweza kufanya hivi, miaka yote nimewafundisha wanafunzi kwamba inaweza. Leo nimejisomea somo langu mwenyewe na halijaniingia.

Jumatano, 16 Oktoba

Bado sielewi. Nimempigia Bakari, msimamizi wetu wa Newala. Yeye ndiye aliyeendesha kura vijijini. Anasema mambo yalikwenda vizuri, watu wote wameridhika.

Hilo ndilo limenikosesha raha. Kazi yangu yote imekuwa kura. Tasnifu, makala, mihadhara, yote ni jinsi ya kugawa watu katika majaribio ya dawa bila kumpendelea mtu. Kura ikipigwa vizuri, kuna wanaonuna. Wote wameridhika vipi?

Ijumaa, 18 Oktoba. Mkunya

Nimepanda Newala na gari la mradi. Upepo, vumbi jekundu, harufu ya mabibo ya mikorosho kila mahali. Nimefikia kwa mama mdogo, Mama Somoe. Mjukuu wake Rukia ana miaka mitano na anajifikicha macho kutwa. Hospitali walimpa dawa ya kupaka, akapona, macho yakarudi vilevile. Maji ya kununua, ndoo moja inapikia na kuoshea. Uso wa mtoto ndio wa mwisho kukumbukwa.

Mama mdogo kaniuliza, "Hiyo dawa yenu mpya sisi tunaipata lini, mwanangu?" Nikamwambia kura ya Mkunya bado, ni Jumanne. Nikamweleza pia kwamba hatujui kama inashinda ile ya zamani, ndiyo maana tunaijaribu. Kanitazama kama anamtazama mtu aliyeficha mboga.

Ni kweli hatujui. Naamini hivyo, nalipwa kwa kuamini hivyo. Sasa mbona naitaka kwa Rukia?

Jumapili, 20 Oktoba

Nimeujua ukweli. Ningependa kuandika kwamba nimefurahi.

Nilikwenda Kitangari na Bakari kumsalimia mwenyekiti wa kijiji. Shikamoo, marahaba, viti vikaletwa. Mwenyekiti akaisifu kura yetu. "Ya kwanza tuliikataa, mama. Ya pili tukaikataa. Ya tatu ndiyo tukaikubali."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwomba arudie. Akarudia vilevile, anatabasamu.

Bakari akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. Kabla ya kuja kwetu alikuwa karani wa chama cha msingi cha korosho. Kwenye mnada bei inasomwa mbele ya wakulima, wakulima wanashauriana, wanasema tumekubali au tumekataa. Wakikataa, wanunuzi wanarudi na bei nyingine. Basi na kura yetu akaiendesha hivyohivyo. Karatasi ikifunguliwa, aliwauliza watu kama wamekubali; wakikataa, inachomolewa nyingine. Vijiji vyenye watoto wagonjwa vilikataa "mwakani" mpaka ikatoka "sasa". Vyenye watoto wazima havikuona sababu ya kubishana.

"Watu wamekataa, ningewalazimishaje?" Hakuwa anajitetea. Alikuwa ananiuliza kweli.

Nimekasirika. Halafu sikujua nimemkasirikia nani. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyependelewa kwa siri, yote yamefanyika hadharani. Mwongozo niliuandika mimi: kura ipigwe mbele ya wananchi. Sikuandika kwamba wananchi hawaruhusiwi kukataa. Haikunijia kabisa kwamba kura inakataliwa.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimewaandikia wakubwa wa mradi Dar. Sikuficha kitu. Jibu limekuja jioni. Dawa haijagawiwa, kwa hiyo kura zirudiwe zote. Kijiji kimoja tu kikikataa tena, jaribio linafungwa na dawa inapelekwa mkoa mwingine. Hapo hakuna sasa wala mwakani, ni kukosa wote.

Nimemsomea Bakari. Akasema, "Basi tuwaulize kabla ya kufungua." Nimeudhika kwamba sikuliwaza mimi.

Jumanne, 22 Oktoba. Mkunya

Uwanja wa chama cha msingi, korosho zimeanikwa pembeni. Bakari akalishika boksi la karatasi za kura, limefungwa. Akawaambia, mkitaka kukataa mkatae sasa, likifunguliwa hakuna tena. Wakajadiliana kwa Kimakonde kwa muda mrefu, nikashika nusu. Mzee mmoja akanigeukia.

"Mama, bei sijaisikia. Nitaikubalije?"

Nikamjibu kwamba akishaisikia atakuwa na upande wake. Akatikisa kichwa. Sijui kama alikubali au alinihurumia. Katika miaka yangu yote ya mihadhara hakuna aliyeniuliza swali hilo.

Mwishowe wakanyoosha mikono. Mama mdogo naye akanyoosha, mbele kabisa, Rukia kamshika kanga. Mwenyekiti wao akachomoa karatasi, akaifungua, akasoma.

Mwakani.

Walikuwa wameahidi, wakatulia. Mama mdogo hakumtazama mwenyekiti wala Bakari. Alinitazama mimi. Na mimi, mwalimu wa kura, nilitaka kusema tumekataa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Bakari akaisoma tena kwa sauti, akaandika, nikaufunga.

Nimeona aibu. Sijui ni aibu ya kutaka kusema au ya kutokusema.

Jumamosi, 26 Oktoba

Vijiji vyote vimemaliza. Hakuna kilichokataa. Kitangari wamepata "sasa", safari hii kwa karatasi ya kwanza. Jedwali jipya limechanganyika vizuri, wagonjwa na wazima pande zote mbili. Dar wamenipongeza. Nimelitazama mara nyingi, sioni kosa, na silifurahii.

Asubuhi kabla ya kuondoka Mkunya nilinunua ndoo yangu ya maji. Nikamkalisha Rukia kwenye kigoda, nikamwosha uso. Mama mdogo alikuwa anachambua kisamvu. Alisema tu, "Mwakani siyo mbali." Sikujua kama ananifariji au ananiuliza.

Rukia alifumba macho mwenyewe, bila kuambiwa, akasubiri.