Shahidi wa Pili wa Jiwe la Shuka

Jumatatu, 4 Machi

Karani wa parokia kapita tena na daftari lake la majina ya mahali. Mwezi mzima yuko ufukweni, anaandika kila mwamba na kila kichochoro. Nimempa Jiwe la Shuka: lile kubwa chini ya kanisa, Mama alipokuwa akitandaza shuka jekundu kutuita watoto wake maji yakianza kujaa. Kalamu akaishika tu. Jina lazima liwe na mashahidi wawili, wa nyumba mbili tofauti. La sivyo, kwenye ramani ataandika "mwamba". Mwamba! Kana kwamba Mama hakuwahi kusimama pale.

Nani mwingine analijua? Makaburini wapo tele.

Jumanne, 5 Machi

Aliye hai ni mmoja — mdogo wangu. Miaka tisa hatusemeshani. Alichelewa maziko ya Mama, nami nikamwambia mbele ya waombolezaji arudi alikotoka. Akarudi. Ulimi hauna mfupa. Leo sijaongea na mtu, nimeibishia redio tu.

Nyumba mbili tofauti, eti. Sharti hilo tumelitimiza vizuri sana!

Alhamisi, 7 Machi

Nimempigia. Karani alinionya nisimtajie jina la jiwe, alitaje mwenyewe. Akapokea: "Nani kafa?" Nikasema hakuna. Nikauliza lile jiwe chini ya kanisa tulikuwa tunaliitaje. Nikasikia anavuta kiti. Akasema hayo si ya kwenye simu, atakuja Jumamosi amwambie karani. Karani, si mimi. Hata "dada" hakusema. Nimekata simu, nikaenda kufagia kibaraza papo hapo, mtu mzima hovyo!

Jumamosi, 9 Machi

Kaja. Kanenepa, anachechemea. Tumepeana mikono kama wateja wa benki. Tukashuka ufukweni watatu. Karani akauliza, naye akajibu bila kusita: Jiwe la Shuka. Kisha akamwambia karani kwamba siku ya maziko ya Mama alifika asubuhi na mapema. Alikaa juu ya jiwe hilo, miguu ikakataa kupanda kwenda kanisani, mpaka akaona watu wanatawanyika.

Miaka tisa, wala sikumuuliza! Nimeona aibu, nikabaki kutazama maji.

Tumetia sahihi. Karani kaenda zake.

Basi lake la mwisho ni la saa kumi. Sasa ni saa kumi na nusu, naandika jikoni, birika linachemka. Yuko kibarazani, koti hajavua, hajasema kama analala. Nimemuuliza kupitia dirisha: siku hizi sukari vijiko vingapi? Nasikia anavuta kiti.