Udhuru wa Asila

Shoga yangu Asila,

Barua kwa mtu kama wewe sijui inaanzwaje. Kukuuliza hali siwezi, na nikikwambia mimi mzima nitakuwa kama najisifu. Basi naanza na lile ambalo ungeniuliza wewe kabla hujavua viatu mlangoni: wamejibu? Wamejibu. Vyuo vyote vinne. Sasa tulia nikuhadithie, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane nina hakika hutonikatiza.

Nianze pale ulipoachia. Tulipeleka maombi mwezi wa kumi na mbili ndani ya gari yangu, tumeegesha mbele ya kile kibanda cha karak, ile chai nzito ya maziwa, njia ya kwenda Sur, laptopu juu ya mapaja yako. Mimi mwalimu wa Kiingereza wa Al Kamil na wewe mfamasia wa Ibra, sote wawili tushavuka thelathini, tunaomba kwenda ng'ambo kusomea shahada ya pili ya kuandika hadithi. Ulicheka mpaka ukamwaga chai kwenye kiti, na doa lake lipo. "Watu wakituuliza tunakwenda kusomea nini, tuwaambie nini, yakhe? Uongo?" Vyuo vyetu vilikuwa vile vile vinne, tukavipa majina kwa picha zilizokuwa kwenye tovuti zao: cha Mvua, cha Theluji, cha Daraja na cha Kondoo. Cha Kondoo ndicho tulichokitaka sote. Kinachukua watu wachache mno, hawafiki kumi, na hatukuwahi kulizungumza hilo kwa sauti.

Ukabonyeza, nikabonyeza. Mwezi mmoja baadae yale maradhi yako ya siko seli yakakushika tena. Sisi tushazoea, safari zote unalazwa, unawatukana wauguzi kwa Kiswahili kwa kuwa hawakielewi, na baada ya siku tano uko nyumbani unadai urojo. Safari hii hukurudi. Nilikuwa nimekununulia chaja ya simu maana yako uliisahau, na nilifika nayo mkononi, na... basi. Hilo unalijua kuliko mimi.

Siku ya tatu ya msiba, wanawake walipokwisha kunywa kahawa na kuondoka, mama yako, Bi Shamsa, aliniita chumbani. Ami yako alikuwa ameshatangaza kwa wanaume kwamba mwenye deni au jambo lake na marehemu ajitokeze. Bi Shamsa hakutosheka. Alinikalisha kitandani kwako, akaniuliza, "Zuwena, huyu mtoto alikuwa na ahadi na mtu? Mahali alipowaambia watu atakwenda na sasa hatokwenda?" Nikamwambia: vyuo vinne. Akainuka akafungua kabati. Kisha akanipa simu yako, maana yeye anasoma Kiarabu na anasoma Kiswahili, lakini Kiingereza hakijui. "Uwe unakuja kila Alkhamisi unasoma. Wakimtaka, lazima aombewe udhuru. Mtu haitwi akanyamaza tu."

Basi nikawa nasubiri majibu ya watu wawili, Asila. Umewahi kusikia kazi kama hiyo? Simu yangu mfuko wa kulia, yako mfuko wa kushoto. Nilijiunga na ule mtandao wanaokutana waombaji wa dunia nzima, ule uliosema ni wa wendawazimu, na kweli ni wendawazimu, na mimi nimo. Kuna mmoja anaamini imeili ya kukubaliwa huja ndefu kuliko ya kukataliwa, kwa hiyo huitazama kwa mbali kabla ya kuisoma. Nimemuiga. Darasani nawapa wanafunzi zoezi kisha nachungulia chini ya meza, mpaka yule mrefu wa nyuma akaniuliza mbele ya wote, kwa lile jina wanalotuitia walimu wa kike, "Abla, ushapata mchumba?" Nikamwambia wachumba wanne, na hakuna hata mmoja anayejibu.

Na hadithi uliyowapelekea nimeisoma. Usinitolee macho. Ulinikataza, lakini ulimjua vizuri mdaku uliyemchagua kuwa shoga, na nilistahamili siku nne nzima baada ya kukuzika. Yule mwanamke wa Sinaw anayenunua mbuzi kila wiki na wiki ya pili anamrudisha sokoni! Nilitafuta makosa nikapata mawili, yote ya nukta. Lakini mbona hukusema kwa nini anamrudisha? Nimesoma mara sita. Niligeuza mpaka daftari zako. Kuna mtu anakwenda kaburini na jambo kama hilo? Nzuri kuliko yangu. Nimeshasema, na sitorudia.

Cha Mvua ndicho kilichotangulia, kikatukataa sote siku moja kwa maneno yale yale, zikipishana dakika mbili tu. Nilicheka peke yangu kwenye maegesho ya skuli. Cha Theluji kikakukataa wewe Jumatatu na mimi Jumatano, sijui siku mbili zile walikuwa wanafikiri nini juu yangu, ningelipa kujua. Cha Daraja kikatukataa kwa upole mwingi sana, mpaka nilifika katikati ya barua bado nadhani tumepita. Kila Alkhamisi nikimsomea mama yako, naye akisema "haya", kama mtu anayeambiwa duka limefungwa.

Kisha cha Kondoo.

Ilikuja baada ya alasiri, nimeegesha mbele ya baraza yenu, hata mlango wa gari sijafungua. Ya kwako ilitangulia. Niliitazama kwa mbali. Ndefu. Wamekuchukua, Asila. Wamekuchukua na masomo wanakulipia, na wameandika kwamba wasomaji wao bado wanabishana juu ya yule mbuzi. Nikapiga kelele peke yangu ndani ya gari. Yangu ikaingia hapo hapo: nimewekwa kwenye orodha ya kusubiri. Akijitoa mtu, wataniita.

Unajua nilihisi nini? Nitakwambia kwa kuwa hakuna mwengine wa kumwambia. Nilikuonea wivu. Wewe, uliye chini ya ardhi wiki ya kumi. Nilikuonea wivu mpaka masikio yakapata moto, nikasema, kila kitu yeye, hata sasa! Kisha nikaona aibu, nikalia, nikajifuta, nikaingia ndani nikatoa shikamoo.

Nilimsomea mama yako ya kwako tu. Yangu sikuitaja. Akaniuliza, "Wamempenda?" Nikamwambia wamempenda. Akainuka, sikujua anakwenda wapi. Kumbe jikoni, kuroweka mchele. Asubuhi yake alikaanga vitumbua akapeleka sahani kwa majirani, akiwaambia Asila amepita mtihani wa ng'ambo. Basi fikiria watu wa mtaa wenu! Wamepokea sahani hawajui waifanye nini. Bi Zeyana wa nyumba ya pili alikuja mwenyewe na sahani mkononi, macho yamemtoka, akauliza, "Shamsa, nikupe pole au nikupe hongera?" Mama yako akamwambia, "Nipe zote mbili, na sahani yangu nirejeshee." Ungekuwepo ungeanguka kwa kicheko.

Sasa ikabaki barua ya udhuru. Na hapo ndipo nilipokufanyia ubaya. Alkhamisi ya kwanza nilimwambia mama yako natafuta maneno mazuri. Ya pili nikasema nina mitihani ya kusahihisha. Maneno nilikuwa nayo, mitihani nilikuwa nimemaliza. Nilikuwa naogopa. Wewe ukishaombewa udhuru, nafasi moja inafunguka. Mimi niko mlangoni. Na mkono utakaoandika kwamba umekufa ni huu huu unaosubiri nafasi. Nilikuwa najiuliza, nikipata, watu watasemaje? Kisha najiuliza, nikikosa je? Na hilo la pili, wallahi, liliniuma zaidi.

Alkhamisi ya tatu alinikalisha mezani akaanza kusema, mimi nageuza kwa Kiingereza na kuandika. Alianza kizamani sana, kama walivyokuwa wakiandikiana wao na jamaa zao Unguja. "Waheshimiwa walimu, salamu ziwafikie nyinyi, na wazee wenu, na majirani zenu. Hali zetu njema." Nikamwambia hawa ni watu wa chuo, wanataka mistari mitatu. Akaniambia wao wanataka yao na yeye anasema yake. "Mwanangu Asila aliomba kuja kwenu na nyinyi mkamkubali. Hatoweza kuja. Si dharau. Amefariki. Nawaomba mumpokelee udhuru wake, na Mungu awalipe kwa kumpenda." Akanyamaza hapo. Ilikuwa imekwisha.

Vidole vyangu havikunyamaza. Niliongeza sentensi moja. Kwamba rafiki aliyeomba pamoja nawe yumo kwenye orodha yao, na jina langu. Kiingereza hakijui, nilijiambia, na tena si uongo. Mama yako akanitazama. "Mimi nimeshanyamaza," akasema, "mbona wewe bado unaandika?"

Nikamwambia yote. Orodha, wiki mbili, sentensi.

Usidhani alinikumbatia. Alikasirika. "Kumbe umenizungusha wiki mbili kwa hilo! Futa. Mwanangu anaomba udhuru, haombi kitu." Nikafuta huku anatazama. Kisha akakaa na mikono yake mapajani, akasema polepole, "Na mimi nikikwambia nakutakia upate, nitakuwa muongo. Sitaki uende. Baba yake hayupo, yeye hayupo. Ukiondoka wewe, Alkhamisi nani atanigongea?" Tukaituma barua yake kama alivyoisema, na majirani zao ndani yake.

Walimjibu baada ya siku nne, jibu refu zuri, na mwalimu mkuu wao akarejesha salamu kwa majirani zenu, mmoja mmoja kama wanavyostahiki. Mama yako alitaka nimsomee mara tatu. Wiki iliyofuata wakaniandikia mimi. Nafasi imepatikana.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana ndicho kinachonisumbua. Niliwauliza: ni ya nani? Ni ya Asila, au kuna mwengine aliyejitoa? Wakanijibu kwa adabu kwamba hawawezi kusema, na kwamba wengine pia walibadili mipango mwaka huu. Basi sitojua. Mimi, niliyegeuza daftari zako, niliyesoma simu yako, nitakaa kwenye kiti na sijui cha nani. Nimejaribu kuchagua jibu moja nitulie. Nikisema ni chako, nakuona umesogea ukanipisha. Nikisema si chako, napumua. Halafu napata aibu kwa kupumua. Wewe ungependa lipi? Ningetoa chochote kujua. Na nafasi yenyewe nimeikubali, nimetia saini. Nakwenda.

Na sitosema nakwenda kwa niaba yako. Wenzangu skulini wanasema hivyo, wanasema nakwenda kukamilisha ndoto yako, na macho yao yanalowa. Si kweli. Nilikitaka chuo kile nikiwa nawe garini, nilikitaka kukupita wewe, na nadhani na wewe ulikitaka kunipita mimi. Hiyo ndoto yako umeshaikamilisha mwenyewe, ulipita. Yangu nakwenda kuianza mimi.

Jana ilikuwa Alkhamisi. Nilimsomea mama yako barua yangu, neno kwa neno, sikuruka kitu. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua kichwa. Akauliza lini. Nikasema mwezi wa tisa. Akauliza miaka mingapi. Nikasema miwili. Akachambua, akachambua, mchele ule ulikuwa msafi zamani. Nikangoja. Nilitaka lile neno moja kwake kuliko nilivyolitaka kwa chuo, nakwambia kweli.

Hakunipa. Alisema, "Hongera yako ninayo. Lakini nimeshampa mmoja hongera asiyerudi kuichukua. Ya kwako utaifuata hapa."

Kwa hiyo nakuaga, shoga yangu, na Mwenyezi Mungu akupe nafasi isiyo na foleni. Nimemuahidi mama yako kwamba nitarudi kuifuata. Nakuahidi na wewe, kwa maandishi, ili kuwe na shahidi.

Wako,
Zuwena