Hindi la Kwanza

Jumapili, Machi 1956

Mgongo unaniuma, na moshi wa kuni mbichi bado uko machoni. Leo nimechuma mahindi mabichi ya kwanza, nikayachemsha na maharage ya shambani. Kwetu hayaliwi kabla mwenye nyumba hajaonja, na mume wangu Ambakisye yuko migodini kusini, mwaka wa tatu huu.

Mwaka jana nilionja mimi. Mama mkwe alinigombeza mpaka majirani wakasikia: "Mwenye nyumba anarudi!"

Leo nilingoja maneno hayo hayo, nimechoka hata kujibu. Watoto walikikodolea chungu macho. Mama mkwe akatoa hindi nono, akalipuliza, akanipa.

"Onja, mama Tumaini. Watoto wana njaa."

Lilikuwa tamu. Afadhali angenigombeza.